Nani Aliyeutia Mto Najisi?



Wasomaji wetu watukufu, akina mama, akina baba, na watoto wetu mlioko Pwani na mlioko ugenini. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyateremsha maji kutoka mbinguni yakiwa safi na kwayo akaihuisha ardhi iliyokufa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Juma hili twaomba ruhusa yenu tueleze jambo ambalo kwa muda mrefu tulilificha kwa haya. Sisi tulizaliwa Mambrui, upande wa kaskazini wa Mto Sabaki, na tangu mwaka 2009 tunasomesha madrasa Mukuru kwa Reuben, mashariki mwa jiji la Nairobi. Mtaa huo ni wa nyumba za mabati zilizobanana kati ya viwanda na Mto Ngong, si mbali na barabara ya Lunga Lunga, jina ambalo kila tukilisoma hutukumbusha mpaka wetu wa Kwale. Watoto tunaowasomesha ni wa makabila mengi, na baadhi yao ni wa watu wetu wa Pwani waliokwenda kutafuta riziki.

Mwishoni mwa Aprili 2024 mvua za masika zilizidi kiasi. Mto Ngong, ambao siku za kawaida hupita chini yetu ukiwa mwembamba, mweusi na mzito kama mafuta machafu ya gari, ulifura ukaingia majumbani. Watu walipoteza magodoro, vyombo, na wengine roho zao. Serikali ikaamuru wote wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka ukingoni wahame, na nyumba nyingi zikavunjwa. Chumba cha madrasa yetu kilisalimika na tingatinga kwa kuwa kiko nyuma kidogo. Hakikusalimika na maji. Yaliingia mpaka magotini, yakakaa siku mbili, na yalipotoka yaliacha tope jeusi lenye harufu ambayo hatuhitaji kuieleza.

Rafu ya chini ndipo tulipoweka juzuu za watoto, misahafu minane na nakala za Safinatun-Najah tunazosomeshea fiqhi. Zote ziliroweka. Tuliwaita wanafunzi wakubwa, tukazifunga katika shuka jeupe, tukazichukua mbali na mtaa mahali pasipokanyagwa, tukazizika kwa heshima. Tuliporudi hakuna aliyesema neno. Kuzika msahafu uliochakaa kwa kusomwa ni jambo tulilokwisha kulifanya mara nyingi. Kuzika msahafu ulioingiwa na najisi ya watu ilikuwa mara yetu ya kwanza.

Juma la pili darasa lilirejea, na somo lilikuwa mlango wa tohara. Tukawaeleza watoto, kama tulivyoelezwa sisi na masheikh zetu, kwamba maji yakifika kula mbili, yaani lita 200 na ziada, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi tu, mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Binti mmoja wa miaka 11 akainua mkono.

"Maalimu, mto wetu ni zaidi ya kula mbili. Mbona hatutawadhi kwake?"

Tukamjibu kwamba maji yake yamebadilika sifa zote tatu, kwa hiyo hayafai.

"Sasa nani aliyeutia najisi?"

Mvulana mmoja akasema ni viwanda. Mwingine akasema ni watu wa juu, wa Kibera. Binti yule akafikiri kidogo, akauliza kwa sauti ya adabu kabisa, "Na choo chetu, Maalimu, hukitoa wapi?"

Hatukumjibu. Tulisema muda umekwisha, ilhali muda haukuwa umekwisha.

Jawabu tulikuwa nalo. Choo cha madrasa yetu kilikuwa cha shimo. Kila kilipojaa tuliwaita vijana wanaofanya kazi hiyo. Walikuja usiku na mapipa na mkokoteni, wakachota, na kabla ya alfajiri kazi ilikuwa imekwisha. Gari la kunyonya choo halipiti katika vichochoro vyetu, na hata lingepita, bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya vijana. Tuliwalipa, tukawaombea dua, na hatukuwauliza wanakwenda kumwaga wapi. Hatukuuliza kwa sababu tulijua. Kwa miaka 15 tuliwafundisha watoto namna ya kustanji, kisha tukakichukua walichostanji nacho tukakitia mtoni. Na maji yaliyoingia darasani Aprili ile yalikuwa yametuletea amana yetu.

Ndugu zetu, huenda mkasema, huo ni mto wa Nairobi, sisi wa Pwani watuhusu nini? Tafadhalini tufuatane na maji hayo.

Jina la Nairobi lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mto Ngong unashuka kutoka upande wa magharibi wa jiji, unapita Bwawa la Nairobi kando ya Kibera, ambalo zamani watu walipiga makasia kwa starehe na leo limefunikwa na gugu maji. Gugu lile halikuja kwa bahati mbaya. Majitaka ni mbolea, na mbolea ikizidi majini hustawisha gugu, gugu huzuia jua, na chini yake hakuna kinachoishi. Kutoka hapo mto unapita eneo la viwanda, unafika kwetu Mukuru, kisha unaungana na Mto Nairobi.

Wazee waliotutangulia mtaani hutuambia kwamba walikuwa wakioga na kufua mtoni, na usiku vyura walikuwa wakipiga kelele hadi watu wakakosa usingizi. Sisi miaka yetu yote hatujasikia chura hapo. Samaki hawapo, mafunjo hayapo, kerengende hawapo. Waliobaki ni nzi, mbu, panya, na wale makorongo wakubwa wenye vipara wanaosubiri taka. Mto hauuawi kwa sumu ya viwanda peke yake. Uchafu wa binadamu ukiingia majini, vijidudu huanza kuuozesha, na katika kuuozesha hutumia hewa iliyomo majini. Hewa ikiisha, samaki hufa kwa kukosa pumzi ndani ya maji, kama mtu afavyo ndani ya chumba kilichojaa moshi. Kisha hufa waliowala samaki, au huhama. Katika Suratul-An'am Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mfano wetu sisi. Basi hapo Mukuru kulikuwa na umma nyingi, nasi tulihudhuria maziko yao bila kujua kwamba tuko mazikoni.

Mto Nairobi nao unaingia Mto Athi. Athi unaporomoka katika Maporomoko Kumi na Manne karibu na Mlima Kilimambogo, unapita Machakos na Makueni, unaingia mbuga ya Tsavo. Huko unapokea Mto Tsavo, ambao chimbuko lake la maji safi ni pamoja na chemchemi za Mzima, na kutoka hapo unaitwa Galana. Tembo na viboko wananywa humo. Kisha Galana unaingia ardhi ya Wagiriama, na unapokaribia bahari sisi watu wa Malindi na Mambrui tunauita Sabaki. Athi, Galana na Sabaki ni mto mmoja, wenye urefu unaokadiriwa kuwa kilomita 390, wa pili nchini baada ya Tana. Na ninyi mnaotawadha kwa maji ya bomba Malindi, Kilifi na hata Mombasa, mnalijua jina la Baricho. Visima vya Baricho vimechimbwa kando ya mto huo huo. Mchanga wa mto unayachuja maji na wahusika wanayatia dawa, alhamdulillahi, lakini chanzo ni hicho.

Basi sisi tuliokuwa tukijiona tumehama kutoka mto mmoja kwenda mwingine, hatukuwa tumehama. Tulipanda juu tu.

Utotoni mwetu, mdomo wa Sabaki ulikuwa chuo chetu cha pili. Baada ya madrasa tulikimbilia huko. Kulikuwa na heroe waliosimama kwa safu wekundu, na kila mwaka wakati wa kipupwe walikuja makundi ya ndege wadogo ambao wazee walisema wanatoka Bukini, na kweli ndege hao wanatoka huko mpaka leo. Katika matope ya mikoko tulikamata kaa, na wavuvi walivua kamba. Wazee walitufunza kwamba kamba na samaki wengi wa baharini hukulia humo kwenye mizizi ya mikoko na maji ya chumvi kidogo, ndipo wanapotoka kwenda bahari kuu. Anayeharibu mdomo wa mto ameharibu kitanda cha mtoto mchanga wa baharini.

Dada yetu mkubwa bado yuko Mambrui, na mumewe ni mvuvi. Miaka michache kabla ya mafuriko alitupigia simu akicheka. "Ndugu yangu, kwani huko Nairobi mna kiwanda cha ndara mbovu? Jarife la shemeji yako leo limetoka na ndara nne, chupa zisizohesabika, na kamba kiganja kimoja." Nasi tukacheka. Tukamwambia hizo ni taka za wageni wa hoteli. Hatukufikiri tena.

Tuseme kweli, hatuwezi kuapa kwamba ndara zile zilitoka Mukuru. Mto una miji mingi, na kila mmoja una fungu lake. Tena kinachoitesa sana bahari ya Malindi ni udongo. Mashamba ya juu yaliyokatwa miti na kulimwa hadi ukingoni hayashiki maji, mvua ikinyesha udongo unashuka, na Sabaki unaumwaga baharini ukiwa mwekundu kama chai ya maziwa. Wakati wa kaskazi, pepo na mkondo huusukuma udongo huo kusini hadi kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968. Tumbawe ni kiumbe hai, linahitaji jua na maji maangavu, na likifunikwa na tope hukosa pumzi. Na tumbawe likifa, samaki waliojificha humo hawana nyumba. Kwa hiyo mkulima wa Machakos, mwenye kiwanda cha Nairobi na maalimu wa Mukuru wote wamo katika jarife la shemeji yetu. Lakini wingi wa wenye makosa haumpunguzii mmoja wao kosa lake. Siku ya Kiyama hatutaulizwa habari za viwanda. Tutaulizwa habari za choo chetu.

Sharia yetu haikunyamaza katika hili. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alitutahadharisha na mambo yanayomletea mtu laana, na miongoni mwake ni kujisaidia mahali watu wanapochota maji. Alitufunza kwamba watu ni washirika katika maji, na hakuna mshirika anayeruhusiwa kuharibu fungu la mwenzake. Aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na mawindo yake yasifukuzwe. Mafakihi wakajenga juu ya hayo kanuni kwamba madhara huondolewa. Na katika Suratur-Rum tumeambiwa kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, ili waonjeshwe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Aya hiyo tumeifasiri misikitini mara nyingi, na kila mara tukiitaja mikono ya watu tulikuwa tukiwafikiria watu wengine.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri tuliwaita wazazi. Tukawaeleza yote, habari za vijana, mapipa na miaka 15. Tukamwita yule binti mbele ya wazazi wake tukamwambia kwamba swali lake lilikuwa na jawabu, na kwamba tulilikimbia. Baba mmoja alisimama akasema kwa hasira kwamba hawezi kumwacha mwanawe kwa maalimu anayefundisha tohara na kutenda kinyume chake. Akawachukua watoto wake wawili akaondoka. Hajarudi, na hatumlaumu. Mzee mmoja wa kamati akatunong'oneza kwamba aibu ya Mwislamu husitiriwa. Tukamjibu kwamba husitiriwa ile iliyokwisha, na yetu ilikuwa bado inatiririka.

Ndipo akasimama mama mmoja auzaye mboga sokoni. Akasema, "Maalimu, hata choo cha ploti yetu chaenda huko huko mtoni, nasi sote twajua. Tusisutane. Tuhesabu ni shilingi ngapi." Na kweli akahesabu, palepale, na akina mama wenzake wakamsaidia. Kila nyumba ikakubali kutoa shilingi 20 kwa juma, asiyeweza akafagia. Sisi wanaume tulikuwa tumekaa miaka tukisema haiwezekani.

Njia ilikuwepo siku zote. Tangu mwaka 2011 shirika la Sanergy limeweka Mukuru vyoo vya Fresh Life ambavyo havina shimo. Uchafu huingia katika chombo, hubebwa ukiwa umefunikwa, na hugeuzwa kuwa mbolea na chakula cha mifugo kinachotokana na mabuu ya inzi. Mwezi Agosti 2017 kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa upya, na wakazi kwa maelfu wakashiriki kusema wanataka nini, na maji safi na majitaka yakiwa miongoni mwa waliyoyataka. Tulifukia shimo letu, tukachukua choo cha aina hiyo. Katika Ramadhani iliyofuata akina mama walikataa sahani za kutupa wakati wa futari. Kila mtoto alikuja na sahani yake na kuiosha mwenyewe. Tulizoea kujaza magunia ya taka kila usiku wa futari, na mwaka huo hatukujaza hata moja.

Mto bado ni mweusi. Tusiwadanganye. Choo kimoja kikiondoka mtoni, mto hautambui. Lakini toba ina masharti yake: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa ni haki ya mja, kumrudishia mwenyewe. Masharti matatu tulijitahidi kuyatimiza. La nne lilitulaza macho. Haki hii ni ya nani? Ni ya jirani aliyeugua tumbo chini yetu, ni ya anayenywa Makueni, ni ya mvuvi wa Mambrui. Hatuwezi kuwafikia wote.

Tukaanza na mmoja. Tulipokwenda nyumbani kwa Idi tulimweleza dada yetu, na mumewe akisikia. Shemeji alinyamaza, akaendelea kushona jarife. Dada alitutazama kwa muda, akasema, "Kumbe na wewe umo." Kisha akageuka kutazama nyuma ya nyumba yake, ambako nepi za kutupa za wajukuu na chupa za maji zilikuwa zimerundikana, hatua chache kutoka mikokoni, zikisubiri maji makuu ya mwezi mpevu yazichukue. Akasema, "Na mimi pia." Alasiri hiyo hatukulala. Tulichimba shimo, dada, shemeji na sisi, tukazitenga chupa za kuuza na tukakusanya zilizobaki.

Kwa hiyo makala haya ni sehemu ya kulipa deni. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 sheria ya nchi imekataza mifuko ya plastiki, na wengi wetu tumeizoea. Lakini chupa, ndara na nepi hazikukatazwa, nazo zinakwenda baharini kila siku. Mama mwenye mtoto mchanga, ukiweza kutumia nepi za kitambaa hata nusu ya siku, umepunguza nusu. Mwenye shamba kando ya mto, acha miti na nyasi za ukingoni zishike udongo. Mwenye nyumba za kupangisha, muulize anayekutolea choo anakimwaga wapi, na ukijua jawabu usijifanye hukulijua. Na tuwaige ndugu zetu wa Gazi na Makongeni huko Kwale, ambao tangu mwaka 2013 wanailinda mikoko yao chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na mapato yake yamewaletea maji na kuwasaidia shuleni. Wameitumia mikoko bila kuimaliza.

Yule binti bado yuko darasani. Juma lililopita aliuliza kama itafika siku ya kutawadha kwa maji ya Mto Ngong. Safari hii hatukusema muda umekwisha. Tulimwambia kwamba fiqhi inasema maji mengi yaliyobadilika, mabadiliko yake yakiondoka yenyewe au kwa kuongezewa maji, hurudi kuwa twahara. Akaandika hayo katika daftari lake jipya.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyatia katika maji Yako, na waghufirie waliotutangulia. Usituadhibu kwa mikono yetu wenyewe, na uturudishie uhai tulioufukuza. Amin.

Wabillahi tawfiq.